Ng'ombe Weupe wa Chini ya Mgomba

"Nyumba hii ina watu?"
"Ina watu."
"Wamekula?"
"Wamekula."
"Na vyombo?"
"Vitaoshwa."
"Haya, vitaoshwa. Sogeeni kwenye moto, ila asiniegemee mtu, mgongo unauma. Nina neno, niwape?"
"Tupe tulitafune."

Hapo kale, kabla mimi sijazaliwa na kabla mama yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Kwamkore. Huko kila mtu alikuwa na mgomba wake. Si mgomba wa kula. Mgomba wa kitovu.

Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikikauka na kudondoka, bibi yake alikizungushia jani bichi akakizika, na juu yake akapanda chipukizi la mgomba. Tangu siku hiyo mtoto na mgomba walikuwa na habari moja. Mgomba ukistawi, mtoto anastawi. Mgomba ukinyauka, watu wanaanza kuongea kwa sauti ya chini. Msichana akiolewa, alibeba chipukizi la mgomba wake kichwani akaenda kulipanda uani kwa mumewe. Na mgomba wa kitovu haukusogelewa na chuma. Si jembe, si panga, si hata sindano. Magugu yaling'olewa kwa mkono, juu juu, na mtu akaondoka. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeuliza.

Sasa palikuwa na mwanamke akiitwa Nakijwa. Mumewe alishuka nyikani kutafuta magadi, akaahidi kurudi kabla maharage hayajakomaa. Maharage yakakomaa, yakavunwa, yakaliwa, yakapandwa tena. Hakurudi. Nakijwa alikuwa amezaa watoto watatu. Wa kwanza alizikwa. Wa pili alizikwa. Wa tatu ndiye Nambua, na Nambua alizaliwa mwezi wa palizi, wakati Bibi Nang'asa, mama mkwe wa Nakijwa, yuko ng'ambo ya bonde kwenye matanga.

Siku ya saba kitovu kikadondoka, bibi bado hajarudi. Siku hiyo Nakijwa alikuwa amepalilia, amechota maji, amekata kuni, amenyonyesha, amepalilia tena. Hakuwa na nguvu ya kwenda kutafuta jani bichi. Akaona kibuyu kidogo kilichokuwa cha asali, asali imekwisha. Akatia kitovu humo, akakizika, akapanda chipukizi juu yake, akarudi kujilaza. Kibuyu hakukiosha.

Mnanisikia? Kibuyu hakukiosha.

"Tunasikia."

Haya.

Miaka saba ikapita. Mgomba ukawa mnene, na Nambua akawa mtoto wa mashavu, anayeongea toka anapoamka mpaka anapolala. Siku moja jua lilikuwa la utosi. Kuku walikuwa wamejificha chini ya ghala, na hakuna jani lililotikisika. Nambua alikuwa anatwanga. Akatwanga, akatwanga, akatwanga, akasimama. Mchi ukabaki juu. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia hodi ya mbali.

"Nambua, twanga," akasema Nakijwa.

Mchi haukushuka.

"Nambua."

"Mama, kuna watu wanapita mguuni mwangu."

Nakijwa akatazama miguu ya mtoto. Ilikuwa na vumbi tu.

"Si nje, mama. Ndani. Wanapanda kwa mstari."

Kisha mchi ukashuka, akatwanga kama hakusema kitu.

Kesho yake, saa ileile, mchi ukabaki juu tena. Safari hii nzi alitua kwenye jicho la Nambua, akatembea toka kona hii mpaka kona ile, na jicho halikupepesa. Siku ya tatu mchi ukabaki juu muda mrefu zaidi, na shanga za kiunoni, ambazo mwezi uliopita zilikuwa zinambana, zikateleza zenyewe zikaanguka miguuni. Nakijwa akaziokota. Akaenda kwenye mgomba.

Jani la kwanza lilikuwa njano. Jani la pili lilikuwa njano. La tatu lilikuwa limeanza pembeni. Na pale chini, katikati ya mizizi miwili, palikuwa na tundu la ukubwa wa kidole, na sisimizi. Mstari mmoja ukiingia, mstari mmoja ukitoka.

Nakijwa akachuchumaa.

Sisimizi wakasimama. Wote. Wanaoingia na wanaotoka. Kisha wakageuza vichwa, wote kwa pamoja, wakamtazama. Na kule uani sauti ya mchi ikakatika.

Nakijwa alibana pumzi. Akahesabu moja, mbili, tatu. Sisimizi wakaendelea na safari. Mchi nao ukaendelea.

Habari ya sisimizi haikukaa hata siku moja bila kufika kwa jirani. Jirani alikuwa Mama Mbonea, mwanamke anayejua kila kitu, na asichokijua anakisema hivyo hivyo. Akaja na kikapu chake mkononi, akamkuta Bibi Nang'asa anachambua maharage mlangoni, na Nakijwa pembeni yake.

"Sisimizi kwenye mzizi?" akasema Mama Mbonea. "Hao ni wezi, Mama Nambua. Dawa yao ni maji ya moto. Mimi kwangu nilimwaga vyungu vitatu, huoni hata mmoja."

"Maji ya moto kwenye mgomba wa kitovu," akasema Bibi Nang'asa. "Hebu anza kujimwagia wewe, kisha utuambie unajisikiaje."

"Sasa wao wana faida gani, bibi?"

"Wanachimba. Udongo unapumua, maji yanashuka. Mimi nimezaa watoto tisa, nikawapandia migomba tisa, na sisimizi tele."

"Na waliobaki wangapi?"

"Wanane."

"Basi huyo wa tisa aliliwa na nani?"

"Na chui, Mama Mbonea. Chui hana miguu sita."

Wakabishana mpaka maharage yakaisha kuchambuliwa. Huyu akasema wanaua, yule akasema wanaponya. Nakijwa alikuwa amekaa katikati na zile shanga mkononi.

"Nyote mnaongea kama mliowahi kuingia mle ndani," akasema. "Nani amechungulia?"

Wakatazamana.

"Mgomba wa kitovu hauchimbwi," akasema Bibi Nang'asa.

"Kila mtu anajua," akasema Mama Mbonea.

Kwa hilo moja wakapatana.

Nakijwa akaanza na majivu, maana yako jikoni na hayamchomi mtu. Akachota ungo mzima, akayamwaga kuzunguka shina. Sisimizi wakasita, wakarudi nyuma, wakatokea upande wa pili. Mchana jua lilipofika utosini, Nambua akakohoa. Akakohoa mara tatu, akatema kwenye kiganja, na kilichotoka kilikuwa cha kijivu na kikavu. Kisha akafungua mdomo akaimba, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba na nyingi, kama mchanga unaomwagika juu ya jani kavu:

*Nakijwa, Nakijwa,*
*kwa utamu ulituita,*
*kwa miguu tukaja.*
*Tunafuga, tunalinda,*
*usimwage, Nakijwa.*

"Nani kakufundisha wimbo huo?" akauliza mama yake.

"Wimbo gani, mama?"

Usiku ule Nakijwa hakulala, lakini hiyo si habari, mama wengi hawalali. Asubuhi majani manne yalikuwa njano. Nambua akaomba maji, na kata ikamponyoka kwa uzito. Nakijwa akainjika chungu cha maji motoni. Mama Mbonea akaja kusimamia.

"Pembeni ya shina," akasema. "Usiguse shina. Kwenye tundu tu. Usimhurumie mdudu."

Nakijwa akasogeza chungu. Nambua alikuwa amelala ndani kwenye mkeka, na kutoka ndani wimbo ukaja tena, pole pole:

*Nakijwa, Nakijwa,*
*tunafuga, tunalinda,*
*usimwage, Nakijwa.*

Nakijwa akainamisha chungu. Akamwaga.

Harufu chungu ikapanda toka ardhini. Sisimizi wakaelea kwenye maji kama majani ya chai, mamia, kisha mamia mengine juu yao. Kutoka ndani ya nyumba hakikusikika kilio. Nambua alisema tu, "Mama, wamenyamaza," akageukia ukutani, akalala.

Siku ya kwanza Nambua akala bakuli zima la uji. Siku ya pili akacheza. Mama Mbonea akazunguka kijiji kizima, kila nyumba akitoa habari ya maji ya moto, na kila alipotoka habari ilikuwa imenenepa.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Kila mahali maji yalishuka ardhini, lakini kwenye mgomba wa Nambua yalibaki juu kama kwenye sahani. Jua likatoka likayakausha, na udongo ukafunga, ukawa mgumu kama sakafu. Kisha wakaja fukusi. Mnawajua, wale wadudu weusi wenye pua ndefu, wanaotembea taratibu kama wazee wanaokwenda shaurini. Akaja wa kwanza, akaingia kwenye shina. Akaja wa pili, akaingia. Akaja wa tatu, akaingia.

Mgomba ukaanza kuegemea kushoto. Nambua naye, akiwa amekaa, akaanza kuegemea kushoto. Nakijwa akamweka sawa. Akaegemea. Akamweka sawa. Akaegemea. Na mchana, jua la utosi, kukasikika sauti ndogo kwenye goti la mtoto. *Krr, krr, krr.* Nakijwa akaweka sikio pale. Kitu kilikuwa kinatafuna ndani, bila haraka.

"Sikiliza hapa," akamwambia Mama Mbonea.

Mama Mbonea akainama, akasikiliza. Akajiinua, akatafuta kikapu chake, akakumbuka ameacha kitu motoni.

Bibi Nang'asa hakusema *nilikwambia*. Alitaka. Lakini majani yalianza kuwa njano kabla ya maji ya moto, wakati sisimizi wakiwa tele, na yeye alilijua hilo. Akakaa karibu na mjukuu wake, akamshika asianguke.

Ndipo Nakijwa akaenda kwenye mgomba mara ya nne. Hakubeba majivu. Hakubeba maji. Hakubeba chuma. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa vidole.

"Mama Nambua, unafanya nini?" akaita mama mkwe.

"Nachungulia, mama."

Udongo ulikuwa mgumu. Ukucha wa kwanza ukavunjika. Wa pili ukavunjika. Wa tatu ukang'oka wote, akautupa. Akachimba mpaka akafika kwenye udongo laini, na pale wimbo ukatoka chini, si kwa mdomo wa mtoto tena, na sauti zilikuwa chache:

*Nakijwa, Nakijwa,*
*tulifuga, tulilinda,*
*umemwaga, Nakijwa.*

Akatia kidole kwenye tundu. Kikaingia. Akatia mkono, ukaingia. Akatia bega, likaingia. Akatia kichwa. Ama tundu lilikua kubwa, ama Nakijwa alikuwa mdogo, aliyenisimulia hakujua, na mimi sikumsumbua. Nakijwa akajikuta amesimama chini.

Huko chini kulikuwa na mwanga wa kahawia, kama mwanga unaouona ukijifunika kanga mchana. Mizizi ilishuka kama nguzo za nyumba. Na kwenye mizizi walisimama ng'ombe. Weupe wote, weupe wa kitu ambacho hakijaona jua. Hawakuwa na pembe. Hawakuwa na macho. Kila mmoja alikuwa amezamisha mdomo ndani ya mzizi mpaka shingoni, ananyonya, na hakukuwa na sauti ya kumeza. Lakini kila waliponyonya mzizi ulishtuka kidogo. Nakijwa aliujua mshtuko ule. Ndivyo ukope wa Nambua unavyofanya akiwa usingizini.

Sisimizi waliobaki walipita katikati ya ng'ombe. Mmoja akampapasa ng'ombe mgongoni, ng'ombe akatoa tone la maji matamu, sisimizi akalinywa, akaenda kwa mwingine. Pembeni palikuwa na lundo la sisimizi waliokufa kwa maji ya moto, na wazima walikuwa bado wanawabeba mmoja mmoja kuwaweka pale. Hawakumaliza.

Katikati palikuwa na kibuyu. Juu ya kibuyu alikaa Mama wa Sisimizi, mkubwa kama kidole gumba, tumbo limejaa, na uso wa mtu ambaye hajalala tangu juzi.

"Karibu, uliyetumwagia," akasema.

"Sikuja kukaa."

"Mikononi una nini leo?"

"Sina kitu."

"Ndiyo mara ya kwanza."

"Unamla mwanangu," akasema Nakijwa.

"Mimi? Nionyeshe jino langu kwenye mzizi."

"Ng'ombe wako wanamla."

"Ng'ombe wangu wanamnywa, na mimi nawanywa ng'ombe. Ulitaka nile nini? Ulituita kwa asali. Asali kwenye kibuyu iliisha mwezi wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeshahamia na watoto."

Nakijwa akatazama chini yake. Aliona kibuyu ni chake. Aliona mdomo wake una doa jeusi la moshi, kama alivyokiacha.

"Naweza kukubana hapo ulipo kwa kidole kimoja," akasema.

"Unaweza. Na fukusi leo wako gotini. Kesho watakuwa kiunoni. Keshokutwa sijui utawakuta wapi. Miaka saba walikuja kutaga hapa, na miaka saba tulikula mayai yao kabla hayajaanguliwa. Nani unadhani alikuwa mlinzi? Nani alichimba njia za maji?"

"Kwa nini basi mtoto alianza kukonda?"

Mama wa Sisimizi akasogea juu ya kibuyu. Ilionekana swali hili hakulipenda.

"Mwanzoni nilikuwa na ng'ombe saba," akasema. "Mgomba haukujua hata kama wapo. Kisha nikazaa. Nikizaa, naongeza ng'ombe. Wewe ukizaa huongezi shamba?"

"Nilizaa watatu. Nimebaki na mmoja."

"Mimi juzi nilikuwa na elfu kumi," akasema Mama wa Sisimizi.

Wakatazamana. Hawakupendana, na wala hawakuombana msamaha. Kila mmoja alikuwa na kazi inamngoja.

"Ondoa ng'ombe," akasema Nakijwa.

"Niwapeleke wapi? Kwenye mgomba usio na kitovu hawatoi utamu. Tumejaribu. Lazima mgomba wa mtu." Akatikisa kichwa kuelekea mashariki. "Uko mmoja ng'ambo ya ua. Wa kijana wa Mama Mbonea. Mnene, na hauna hata sisimizi mmoja."

Nakijwa akatazama mashariki. Alitazama muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye.

"Huo hapana."

"Basi wa mama mkwe wako."

"Yule amebakiwa na meno matatu. Mwache."

"Basi upi? Nikibaki hapa, mwanao hafiki mavuno."

"Uko mmoja nyuma ya banda la mbuzi," akasema Nakijwa. "Nilikuja nao kichwani nilipoolewa."

"Huo wa nani?"

"Wangu."

Mama wa Sisimizi akamtazama toka juu mpaka chini, kama mtu anayepima mbuzi mnadani.

"Si mnene," akasema.

"Ndio uliopo. Na ng'ombe wawe saba. Si wanane."

"Saba hawatoshi."

"Nitaweka maganda ya ndizi kwenye jiwe, kila siku. Mtajazia hapo."

"Na fukusi?"

"Mtawatoa waliokwisha kuingia, na mayai yao mtayala kwenye migomba yote ya ua huu. Na njia chimbeni, maji yashuke."

"Na maji ya moto?"

"Nikihesabu saba, hutayaona maji ya moto. Nikihesabu nane, namminya wa nane kwa ukucha."

Mama wa Sisimizi akacheka. Ilikuwa sauti ya mchele unaopepetwa.

"Na utajuaje? Nyinyi mgomba wa kitovu hamchimbi."

"Haukaribiwi na chuma," akasema Nakijwa. "Vidole si chuma. Macho si chuma."

Mama wa Sisimizi akaacha kucheka.

Nakijwa akatoa kichwa kwenye tundu, akatoa bega, akatoa mkono. Jua lilikuwa palepale lilipokuwa. Bibi Nang'asa alikuwa amesimama juu yake, amembeba Nambua kiunoni kama mtoto mchanga, maana mtoto alikuwa mwepesi hivyo.

"Umeona nini?"

"Kaa hapa uone, mama. Usikanyage."

Sisimizi wakatoka. Mstari mmoja, mweusi, ukakata ua wote kuelekea banda la mbuzi, na kila mmoja alibeba mdomoni kitu cheupe, kidogo kama punje ya mtama iliyomenywa. Bibi Nang'asa akainama. Miaka sabini alikuwa amewaona sisimizi, na hakuwa amewahi kuinama kiasi hicho.

"Kumbe wana vitu mdomoni," akasema.

Nakijwa akakaa njiani. Akapitisha wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Kuanzia wa nane akaweka kidole gumba. Kila cheupe alichominya kilitoa maji meupe na harufu ya maziwa ya mtoto. Hakufurahia. Alifanya kama unavyochuna kuku, kwa sababu lazima. Alimaliza jua lilipokuwa linashuka, na kidole kilikuwa kimelainika kama cha mtu aliyefua siku nzima.

Kesho yake sauti ya gotini ilikuwa moja tu, *krr*, ikangoja, *krr*. Siku ya pili haikuwepo. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na maji yalishuka kwenye mgomba wa Nambua kama yanayoitwa. Nambua akakaa mwenyewe bila kushikwa. Akaomba uji. Akauliza kwa nini mama hana kucha tatu, na kabla hajajibiwa akauliza maswali mengine manne. Mwezi wa pili mama yake alimfunga shanga kiunoni, zikakaa. Mgomba ulipozaa, mkungu haukukatwa kwa panga, waliukunja mpaka ukakatika wenyewe, na ndizi ya kwanza akala Nambua.

Mama Mbonea naye alirudi, kikapu mkononi, kama mtu aliyetoka jana.

"Si nilisema ni wabaya," akasema. "Walikuwa wanafuga."

"Si nilisema ni wazuri," akasema Bibi Nang'asa. "Walikuwa wanalinda."

"Wabaya."

"Wazuri."

"Nyamazeni," akasema Nakijwa, "mnanipoteza hesabu." Alikuwa amepiga magoti nyuma ya banda la mbuzi, mkono mmoja ardhini. Alifanya hivyo kila mwezi, maisha yake yote. Mara nyingi alikuta saba. Mara nyingine alikuta wanane, maana Mama wa Sisimizi naye alikuwa mzazi na alijaribu bahati yake. Wa nane aliminywa, na hakuna aliyelalamika.

Basi mkiniuliza, sisimizi kwenye mzizi ni wabaya au ni wazuri, mimi nitawauliza, mdomoni wana nini? Na wako wangapi? Anayejibu kabla ya kuinama, awe wa majivu, awe wa maji ya moto, awe wa kusema waacheni tu, huyo anazungumzia mgomba wa mwenzake.

Siku moja Nakijwa alikuwa anatwanga. Jua lilikuwa la utosi, kuku wako chini ya ghala. Akatwanga, akatwanga, akatwanga, akasimama. Mchi ukabaki juu. Akainamisha kichwa upande mmoja. Nzi akatua kwenye jicho lake, akatembea.

Nambua akamwona. Akamvuta mama yake kanga.

"Mama. Mama. Kuna nini?"

Ikapita kitambo. Kisha jicho likapepesa.

"Hakuna kitu," akasema Nakijwa. "Ni saba tu. Lete ungo."

Ndiyo maana mpaka leo, mkimwona mama yenu amesimama katikati ya kazi mchana, anatazama mahali pasipo na kitu, msimwulize anawaza nini. Mleteeni kigoda.

"Neno limekwisha?"
"Limekwisha."
"Mmelitafuna?"
"Tumelitafuna."
"Ganda lake wekeni juu ya jiwe, kuna wanaolingoja. Haya, nyanyukeni mkaoshe vile vyombo. Na anayekwenda kuosha cha asali, akioshe mara mbili."